Barakoa Kwanza, Mashine Baadaye

Mtu akishaambiwa na daktari kwamba pumzi yake hukatika usingizini, na kwamba anahitaji mashine ya kumsaidia kupumua usiku, jambo la kwanza analofanya siku hizi ni kushika simu na kutafuta ipi iliyo bora. Anakutana na majina ya makampuni, picha za mashine ndogo zinazong'aa, na sifa zisizokwisha: hii inajirekebisha yenyewe, ile ina kitangi cha kupasha maji moto, nyingine bomba lake lina joto, nyingine haisikiki kabisa, nyingine inatuma taarifa kwenye simu. Analinganisha bei, anawauliza jamaa walioko nje, anakesha na simu mkononi. Sina ugomvi na utafiti huo; anayenunua kifaa cha kuvaa usoni kila usiku ana haki ya kuchunguza. Ninachosema leo ni kwamba wengi wanachunguza mahali pasipo na faida kubwa. Ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka 40 unaonyesha kuwa kinachomrudishia mgonjwa usingizi wake ni saa anazokaa na mashine usoni, na saa hizo huongezwa na barakoa iliyomkaa sawasawa, na mtu wa kumfuatilia, kuliko zinavyoongezwa na sifa zilizoandikwa kwenye boksi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Usingizi unapokolea, misuli ya mwili hulegea, na ya koo hulegea pamoja nayo. Kwa mtu ambaye njia yake ya hewa ni nyembamba, iwe kwa sababu ya uzito, umbo la taya au tezi za koo zilizovimba, njia hiyo hujifunga. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hewa haipiti. Oksijeni katika damu inashuka, ubongo unashtuka, mtu anakurupuka nusu usingizi, anavuta hewa kwa kishindo, kisha anazama tena, na asubuhi hakumbuki lolote. Mkatiko huhesabiwa ukidumu sekunde 10 au zaidi. Wataalamu hujumlisha mikatiko hiyo na zile nyakati ambazo hewa hupungua bila kukatika kabisa, wakagawa kwa saa za kulala. Ukipata kati ya 5 na 14 kwa saa, ugonjwa ni mwepesi. 15 hadi 29 ni wa wastani. 30 na kuendelea ni mkali. Hebu fikiri: mtu mwenye 30 kwa saa anakabwa mara moja kila dakika 2, usiku kucha, kisha asubuhi anatarajiwa aendeshe basi au asimame mbele ya darasa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Respiratory Medicine yalifikia watu milioni 936 duniani wenye umri wa miaka 30 hadi 69 walio na tatizo hili kwa kiwango fulani, na kati yao milioni 425 wana la wastani au kali. Wengi wao hawajui. Nyumbani wanaitwa wakoromaji, kazini wanaitwa wavivu.

Tiba ya mashine ilitoka Sydney, Australia. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan na wenzake waliandika katika jarida la Lancet jinsi walivyowapulizia wagonjwa 5 hewa kupitia puani, kwa shinikizo dogo lisilokatika, na koo zao zikabaki wazi usiku mzima. Hewa hiyo hulishikilia koo kama upepo unavyolijaza tanga la jahazi: maadamu upepo upo, tanga halianguki. Kanuni haijabadilika hadi leo. Mashine yoyote ya aina hii, inayoitwa CPAP, utakayoiona dukani ni feni iliyo ndani ya boksi, bomba, na barakoa. Kwa kawaida hupuliza kwa shinikizo la kati ya sentimita 4 na 20 za maji, na kiwango kinachokufaa wewe kinatokana na kipimo, hakikisiwi. Haya mengine yote yanayotangazwa ni nyongeza juu ya feni hiyo.

Sasa tuingie kwenye ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 katika jarida la Sleep uliwafuatilia wagonjwa wenye hali kali na kulinganisha saa walizovaa mashine na jinsi walivyojisikia mchana. Kadiri saa zilivyoongezeka, ndivyo wengi zaidi walivyorudi katika hali ya kawaida. Usinzizi waliouhisi wenyewe ulipungua hata kwa saa 4, lakini uwezo wa kufanya shughuli za kila siku uliendelea kuimarika hadi kwenye saa 7 na nusu. Kwa maneno mengine, mashine hii haina mlango wa nyuma. Haikutibu ikiwa imekaa mezani, na ukiivua saa nane za usiku, koo linarudi lilivyokuwa mpaka alfajiri. Bima ya serikali ya Marekani ya wazee, Medicare, inalijua hilo: ili iendelee kulipia mashine, inataka ushahidi kwamba ndani ya miezi 3 ya mwanzo mgonjwa aliivaa angalau saa 4 kwa usiku, katika asilimia 70 ya siku za kipindi cha siku 30 mfululizo. Haimuulizi kama aliipenda rangi yake.

Hapa lazima nilijibu pingamizi zito, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao SAVE. Watu 2,717 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo, pamoja na kukatika pumzi kwa wastani au kwa ukali, waligawanywa: wengine wakapewa mashine juu ya matibabu yao ya kawaida, wengine matibabu ya kawaida peke yake. Baada ya miaka kadhaa, shambulio la moyo na kiharusi havikupungua kwa waliopewa mashine. Wako wanaosema, basi ya nini kujisumbua? Nawajibu kwa mambo mawili. La kwanza, waliopewa mashine katika utafiti huo waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 kwa usiku, yaani chini ya nusu ya usingizi wa mtu mzima. La pili, hata kwa saa hizo chache kukoroma kulipungua, usinzizi wa mchana ulipungua, na furaha ya mtu na ubora wa maisha yake viliboreka. Kwa hiyo muuzaji akikuahidi kwamba mashine yake itakukinga na kiharusi, anakwenda mbali kuliko sayansi ilikofika. Lakini akisema itakurudishia mchana wako ukiivaa, hapo ana msingi. Na mchana wa dereva wa lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma ni uhai wa watu wengi.

Kama saa ndizo zinazoamua, swali linalofuata ni hili: nini huongeza saa? Mashirika ya utafiti yamelipima. Mapitio ya Cochrane, yanayokusanya majaribio mengi na kuyapima kwa pamoja, yaliangalia mwaka 2019 mashine zinazojirekebisha shinikizo zenyewe dhidi ya zile zenye shinikizo moja lililowekwa. Sifa hii ndiyo inayopandisha bei na ndiyo inayotangazwa zaidi. Tofauti iliyopatikana ni kiasi cha dakika 13 kwa usiku. Mapitio mengine ya Cochrane ya mwaka 2020 yaliangalia kitu kisichokaa ndani ya boksi: kumwelimisha mgonjwa, kumpigia simu, kumsaidia katika majuma ya mwanzo, kumfundisha jinsi ya kuizoea barakoa. Huko ongezeko lilikuwa kati ya dakika 40 hivi na zaidi ya saa 1 kwa usiku, kutegemea aina ya msaada. Naomba uziweke namba hizo mbili pamoja akilini. Ile sifa unayoikeshea kwenye simu inakupa dakika 13. Simu ya muuguzi, au muuzaji anayejua kazi yake, inakupa mara tatu yake au zaidi.

Hii haina maana kwamba mashine inayojirekebisha haina kazi. Ina faida ya wazi kwetu ambao maabara za usingizi ziko mbali: daktari anaweza kuiweka katika mipaka fulani, mashine ikatafuta yenyewe kiwango kinachotosha ukiwa nyumbani. Mwongozo wa mwaka 2019 wa chuo cha madaktari wa usingizi cha Marekani unakubali njia hiyo kwa wagonjwa wasio na magonjwa mengine mazito, na hauipi mashine moja ushindi juu ya nyingine. Mwongozo huohuo unashauri mashine zenye mashinikizo mawili, moja la kuvuta na jingine la kutoa pumzi, zisiwe chaguo la kwanza kwa mgonjwa wa kawaida. Ukiuziwa hiyo kwa sababu tu ni ghali zaidi, umeuziwa usichokihitaji.

Turudi kwenye barakoa, maana hapo ndipo wengi hushindwa. Ziko za aina tatu: vijipira viwili vinavyokaa kwenye tundu za pua, barakoa ya pua peke yake, na ile inayofunika pua na mdomo. Watu wengi hukimbilia ya tatu kwa kudhani kubwa ndiyo salama. Ushahidi unaelekea kwingine. Barakoa ya pua na mdomo huvuja zaidi, mara nyingi hudai shinikizo kubwa zaidi, na wanaoivaa huivaa kwa saa chache zaidi. Ndiyo maana mwongozo niliotaja unapendekeza kuanzia puani. Anayelala mdomo wazi aulizwe kwanza kama pua yake imeziba, kwa mafua ya mzio au nyama za puani, na zitibiwe hizo. Halafu kuna umbo la uso. Pua hazilingani upana wala urefu, na mito ya barakoa hutengenezwa kwa saizi, ikiwemo saizi pana. Anayeagiza bila kupima akaletewa nyembamba atavujiwa hewa machoni usiku kucha, ataikaza mikanda mpaka ngozi ichubuke, na baada ya wiki mbili mashine ya mamilioni ya shilingi itakuwa imefungiwa kabatini. Ndevu nazo huvujisha. Na barakoa ipimwe ukiwa umelala, kwa ubavu na kwa chali, mashine ikiwa inapuliza kwa kiwango ulichoandikiwa, kwa sababu uso wa mtu aliyelala hubadilika na barakoa iliyokaa vizuri ukiwa umesimama inaweza kuinuka. Jambo jingine ambalo wauzaji huliruka: baadhi ya barakoa zina vifungo vya sumaku. Mtu mwenye betri ya moyo au chuma fulani mwilini, au anayelala naye, azikwepe mpaka aulize daktari.

Habari njema ni kwamba ncha ya bomba inayoingia kwenye barakoa ina kipimo kimoja karibu kwa makampuni yote, milimita 22. Hivyo unaweza kununua mashine ya kampuni moja na barakoa ya nyingine. Zinazokiuka hilo ni hasa mashine ndogo za safari, ambazo baadhi hukubali barakoa za kampuni iliyozitengeneza tu. Anayefikiria kununua hiyo ndogo iwe ndiyo mashine yake pekee alijue hilo kabla hajalipa, kwa sababu mto wa barakoa huchakaa na lazima ubadilishwe, na utaufuata kokote unakouzwa.

Je, kwenye mashine yenyewe hakuna cha kuchunguza? Kipo, ila ni tofauti na kinachotangazwa. Cha kwanza ni kumbukumbu. Mashine nzuri huandika kila usiku uliivaa saa ngapi, hewa ilivuja kiasi gani, na pumzi ilikatika mara ngapi ukiwa umeivaa. Bila taarifa hizo daktari anatibu gizani. Mashine nyingi mpya huzituma kwa mtandao wa simu, lakini iliyonunuliwa Marekani au Ulaya huenda isiupate mtandao ukiifikisha Arusha au Kisumu. Kwa hiyo hakikisha ina sehemu ya kadi ya kumbukumbu. Kadi hiyo inaweza kusomwa kwenye kompyuta kwa programu ya bure iitwayo OSCAR, iliyotengenezwa na watu wanaojitolea. Isome, mpelekee daktari, lakini usijipandishie shinikizo kwa sababu ya mchoro ulioutazama usiku mmoja.

Cha pili ni umeme, na hapa orodha za ubora zinazoandikwa ughaibuni hazitusaidii sana. Soma kibandiko cha adapta: ikiandikwa volti 100 hadi 240, itakubali umeme wetu hata kama ilinunuliwa Marekani. Kisha uliza inakula volti ngapi za betri, kwa sababu zipo za 12 na zipo za 24, na ya 24 huhitaji kigeuzi ili iendeshwe na betri ya gari au ya sola. Kinachomaliza betri haraka ni kupasha maji na kupasha bomba, kuliko feni. Ukizima vyote viwili, betri ileile inaweza kukufikisha asubuhi. Umeme ukikatika usiku hutakosa hewa: barakoa ina matundu ya kutolea pumzi, na ile ya pua na mdomo ina vali inayofunguka ili uvute hewa ya chumbani. Matundu hayo yasizibwe kamwe, hata kama yanapuliza ubaridi shingoni mwa mwenzako.

Kuhusu maji nitasema kwa ufupi. Unyevu huwasaidia wanaokauka koo na pua, na anayelala kwenye kiyoyozi Mombasa anaweza kuuhitaji kuliko jirani yake anayelala dirisha wazi. Kitangi kijazwe maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kwa ajili ya vifaa vya hospitali. Kuyachemsha ya bomba huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi, na chumvi huganda chini ya kitangi. Chujio la vumbi liangaliwe kila wiki kwenye miji yenye barabara za vumbi.

Cha tatu, na hiki nakisema kwa msisitizo, ni historia ya mashine. Wengi wetu hupata iliyotumika, ama imeletwa na ndugu kutoka nje, ama imenunuliwa kwa mtu. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuzirejesha kutoka sokoni mamilioni ya mashine zake zilizotengenezwa kabla ya 26 Aprili 2021, zikiwemo zile maarufu za DreamStation za toleo la kwanza. Sponji ya kupunguza kelele iliyokuwa ndani ilikuwa inaoza, na punje zake pamoja na gesi zingeweza kuvutwa na mgonjwa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilisema kusafisha kwa ozoni huenda kukaongeza uharibifu huo, na kwamba joto na unyevu mwingi wa baadhi ya maeneo huenda ukachangia. Baadaye kampuni ilitoa vipimo vilivyoelekea kupunguza hofu; FDA ikasema haikuridhika kwamba vipimo hivyo vinatosha. Sote tunajua Tanga, Zanzibar na Lamu zina joto na unyevu kiasi gani. Kwa hiyo kabla ya kupokea mashine iliyotumika, hata ya bure, tafuta namba yake ya mfululizo, ilinganishe na orodha ya kampuni, na uliza kama ilikarabatiwa. Barakoa, bomba na chujio viwe vipya. Na shinikizo lililowekwa kwa ajili ya mwenye kuitumia zamani lifutwe, liwekwe lako.

Lipo pingamizi jingine ninalolisikia mara kwa mara: kipimo cha usingizi ni ghali na kiko mbali, kwa nini nisinunue tu mashine inayojirekebisha ikanitafutia yenyewe? Naielewa adha hiyo, na ni aibu kwa mifumo yetu ya afya kwamba kipimo hiki bado ni cha wachache. Hata hivyo jibu ni hapana. Kuna mikatiko isiyotokana na koo kuziba. Ubongo wenyewe huacha kutuma amri ya kupumua, na hali hiyo huwapata hasa baadhi ya wenye moyo dhaifu. Mwaka 2015 utafiti uitwao SERVE-HF ulijaribu kuwatibu wagonjwa kama hao kwa mashine ya hali ya juu inayofuata pumzi moja baada ya nyingine. Kwenye karatasi mashine ilifanya kazi, mikatiko ikapungua. Lakini waliofariki kwa ugonjwa wa moyo walikuwa wengi zaidi upande wa waliopewa mashine. Mashine hiyo si ile ya kawaida ninayoizungumzia leo, na sitaki mtu avue yake usiku wa leo kwa hofu. Nauleta mfano huo kwa sababu unaonyesha kwamba mashine yenye akili nyingi ikiwekwa kwa mtu asiye wake inaweza kumdhuru, na kujua ni ya nani ni kazi ya kipimo na daktari. Kipimo cha nyumbani, chenye mkanda wa kifua, kijibomba cha puani na kidude cha kidoleni, hugharimu kidogo kuliko kulala maabara, na kwa wagonjwa wengi kinatosha.

Wako pia watakaosema wasubiri wapunguze uzito, au watumie dawa. Kupungua husaidia kweli, na Desemba 2024 FDA iliidhinisha dawa ya tirzepatide kwa wagonjwa wanene wenye tatizo la wastani au kali. Lakini uzito hupungua kwa miezi, na koo linafunga usiku wa leo. Vyote viwili vinaweza kwenda pamoja, na kipimo kikirudiwa baada ya uzito kushuka, huenda mashine ikapunguzwa shinikizo au ikaachwa kabisa.

Basi, ndugu msikilizaji uliyeandikiwa mashine, nakuomba siku ukienda kununua usianze kwa kuuliza ipi ni ya kisasa zaidi. Muulize muuzaji kama atakuruhusu ulale na barakoa mbili au tatu tofauti, mashine ikipuliza, kwa nusu saa. Muulize kama atakubadilishia barakoa ikikushinda ndani ya mwezi wa kwanza, nani atasoma kadi yako baada ya wiki mbili, na mito ya kubadilisha inapatikana wapi na kwa bei gani. Asiyekuwa na majibu hayo, hata mashine yake iwe nzuri vipi, muage umtafute mwingine.